Japan Iko Hapa Timboroa: Soma Probox, Kisha Upike Waru Kama Mjapani

Si unajua zile video? Msee ako Ulaya, ameketi kwa mkahawa wa Kijapani, ukuta ni wa mbao, taa ni ya karatasi, bakuli la ramen linatoa moshi polepole kama limelipwa. Wewe uko stage ya Timboroa na jaketi mbili, mikono kwa mfuko, ukungu umefunika hadi paa za maduka, unangoja gari ya Eldoret ijae. Unajiambia hiyo raha ni ya watu wa visa.

Tulia kwanza. Cheki hiyo gari unangoja. Kama ni Probox, na hapa kwetu kawaida ni Probox, basi mbele yako kuna moja ya kazi safi kabisa za usanifu wa Kijapani. Na hizo waru zimepangwa kando ya barabara ndizo kiungo kikuu cha msosi ambao Wajapani wanapika nyumbani. Vitu vyote viko hapa. Kilichobaki ni mtu wa kukuonyesha pa kuangalia.

Wacha nianze na hao wa Ulaya, ndio ujue hakuna uchawi. Mji unaojulikana sana kwa mambo ya Kijapani kule ni Düsseldorf, Ujerumani. Kuna barabara inaitwa Immermannstraße, karibu na stesheni kuu ya treni, imejaa mikahawa ya ramen, maduka ya mikate ya Kijapani, vitabu na vyombo vya jikoni. Wenyewe wanaita Little Tokyo. Kila mwaka wanafanya sikukuu ya Japan na kuifunga na fataki kando ya mto Rhine. Ilianzaje? Miaka ya 1950, baada ya vita, kampuni za Japan zilituma watu pale kwa sababu viwanda vya chuma na mashine vya eneo la Ruhr viko karibu. Hao watu walikuja na bibi na watoto, wakaanza kutafuta mchele wao, mkate wao, kinyozi wao. Hawakuja kuuza urembo. Walikuja kazi, na njaa ikawafuata.

Kwetu Japan ilipitia mlango mwingine. Ilishukia bandari ya Mombasa, usukani ukiwa kulia, ikapanda hadi huku juu zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari.

Sasa Probox. Toyota iliitoa mwaka wa 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Hakuna mtu pale alikuwa anajaribu kutengeneza ndai ya kukatia madem. Mteja alikuwa mmoja na anajulikana: mfanyakazi wa kampuni anayezunguka siku nzima kuuza au kurekebisha vitu, shati nyeupe, sampuli nyuma, simu haikatiki. Wasanifu wakajiuliza: huyu jamaa anafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni? Gari lote ni jibu la hilo swali.

Ndio maana kwa dashibodi kuna kameza kadogo ka kuvuta. Umewahi kukaona? Madere wengi wamekaficha chini ya vitambaa na stika, na kwa gari zingine kalivunjika kitambo. Lakini kako. Ukivuta kanatoka kama droo, na kanatosha kompyuta ndogo ya kuandikia risiti. Saa sita ikifika, kompyuta inatoka, chakula kinaingia. Probox zilizofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka wa 2014 zikaongezewa pahali pa kusimamisha simu, na pahali pa kinywaji pa umbo la mraba. Mraba kwa nini? Kwa sababu huyo jamaa ananunua pakiti ya lita moja, ile ya karatasi, si chupa. Fikiria mtu amekaa ofisini na kazi yake ni kupima pakiti ya maziwa ndio dere asiimwage kwa kona. Nyuma, sakafu ni bapa na kuta zimesimama wima, kwa sababu sanduku haina mgongo wa kupinda.

Hiyo ndiyo Japan yenyewe, manze. Watu hufikiria usanifu wa Kijapani ni kuta tupu na kikombe cha elfu kumi. Ule upo pia, na ni wa wenye nafasi. Lakini huu mwingine unaanza na mtu na siku yake, kisha urembo unakuja kama umebaki. Probox haina sura na bado ukiijua utaipenda.

Na sasa chakula kinachowekwa kwa hako kameza: bento. Ni sanduku la chakula lenye vyumba. Chumba kimoja wali, kingine samaki au kipande cha nyama, kingine mboga, kona kachumbari yao ya siki. Vyumba viko ndio ladha zisipigane na mchuzi usilowanishe wali. Kila kitu kimekatwa kiasi cha kuokotwa na vijiti mdomo mara moja, kwa hivyo huhitaji kisu, na huhitaji mkono wa pili kushikilia sahani. Msee anaweza kula ndani ya gari na shati nyeupe ibaki nyeupe. Meza na sanduku zinaongea lugha moja.

Kabla sijasahau, yule dada anayeongea Kijapani gari ikiwashwa. Kuna watu wameishi naye miaka kumi hawajui anasema nini. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni ule mtambo wa kulipia barabara kuu za Japan bila kusimama. Dada wa watu anaomba kadi kila asubuhi, kutoka Burnt Forest hadi Eldama Ravine, na sisi tunadhani anatusalimia.

Kwa nini Wajapani wanaziachilia zikiwa bado fiti? Kule kuna ukaguzi wa lazima unaitwa shaken, ni ghali, na magari madogo ya mizigo kama Probox hukaguliwa kila mwaka yakishapita miaka miwili ya kwanza. Kampuni ikipiga hesabu inaona heri inunue mpya. Kenya nayo inakataa gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo kuna dirisha fulani, na Probox zinapita kwa hilo dirisha kama maji. Profesa Wangari Maathai alipoenda Japan mwaka wa 2005 alipenda neno lao moja, mottainai, ile uchungu ya kuona kitu kizuri kikitupwa bure, akalibeba dunia nzima. Ukitaka kuona mottainai ikiwa na magurudumu manne, simama tu hapa barabarani.

Lakini kuna mahali tumevuka mpaka, na hii siwezi kuipitisha na utani.

Chuo niliachia katikati, lakini hii ni hesabu ya shule ya msingi. Karatasi za Probox ya kule zinasema hivi: mkiwa watu 2, mzigo usizidi kilo 400. Mkiwa 5, usizidi kilo 250. Sheria yao huhesabu mtu mmoja kuwa kilo 55. Kwa hivyo watu 5 ni kilo 275, ongeza mzigo 250, jumla 525. Hapo ndipo spring, breki na tairi zilipangiwa. Sasa njoo stage yetu. Watu 10, tuseme kila mmoja kilo 65, hiyo ni 650. Weka magunia mawili ya waru ya kilo 50, kama ni ya halali na si lumbesi. Umefika 750. Umepita kilo 225, na bado hujahesabu kuku wa shosho na kreti ya soda.

Gari nzito inahitaji barabara ndefu zaidi kusimama. Na ukitoka Timboroa kwenda Burnt Forest unateremka, mara nyingi kwa ukungu, lami imelowa, mbele kuna lori la kwenda Uganda limewasha taa moja. Zile sentimita walizopimia pakiti ya maziwa hazikusaidii hapo. Mikanda ni 5. Wasee wanne waliokunjwa kwa buti wameketi mahali ambapo msanifu alichora sanduku, kwa hivyo hakuweka kiti, hakuweka mkanda, hakuweka pa kuegemeza kichwa. Hakuwasahau. Hakujua watakuwa pale.

Najua utaniambia dere ana deni la gari, bei ya mafuta ni ngori, na askari naye anangoja chake mbele. Yote ni ukweli. Pia ni ukweli kwamba kuna saa hakuna gari nyingine na giza linaingia. Mimi nakuambia tu ninachofanya: nakaa penye mkanda na naufunga hata wakinicheka, buti siingii, na mtu wa sita akisukumwa ndani nashuka nangoja matatu. Nimewahi kungoja saa nzima kwa hiyo baridi. Nilifika.

Haya, tuingie jikoni.

Wajapani wana msosi unaitwa nikujaga. Niku ni nyama, jaga ni kifupi cha jagaimo, yaani kiazi. Nyama na waru, basi. Hautaupata sana kwa zile video kwa sababu hauna sura ya kupigwa picha, ni kama vile hakuna mtu anasafiri kuja Kenya kupiga picha ya karanga ya nyumbani. Lakini uliza Mjapani chakula cha mamake, nafasi ni kubwa atakutajia huu. Na hilo jina jagaimo linatokana na Jakarta, kwa sababu Waholanzi walipeleka viazi Japan kupitia huko. Sisi kwa Kiswahili tunaita viazi ulaya. Kila mtu alimpa kiazi jina la yule aliyemleta mlangoni, na mwenyewe anatoka milima ya Amerika Kusini.

Hadithi inayopendwa ni kwamba jemadari wa majini Togo Heihachiro, aliyesomea Uingereza miaka ya 1870, alirudi kwao akitamani mchuzi wa nyama wa Kiingereza. Mpishi wa meli hakuwa na divai wala siagi, akatumia sosi ya soya na sukari. Miji miwili ya bandari, Maizuru na Kure, bado inabishana ni wapi ilitokea. Mimi naichukua kama hadithi. Ila ladha yake kweli ni ya mtu aliyekumbuka Ulaya kwa viungo vya kwao.

Unahitaji: waru nne za kiasi, karoti moja, vitunguu viwili, nyama ya ng'ombe robo kilo iliyokatwa nyembamba sana (mwambie wa bucha isiwe na mfupa), sosi ya soya vijiko vitatu vya mezani, sukari vijiko viwili, maji vikombe viwili. Sosi ya soya iko supamaketi za Eldoret, rafu ya siki na tomato sosi. Wajapani huongeza divai ya mchele na supu ya samaki mkavu, lakini bila hizo bado inatoka.

Sasa angalia vile usanifu unaingia hadi kwa sufuria.

Kwanza, ukishakata waru vipande vikubwa, chukua kisu unyoe zile kona kali za kila kipande ziwe za mviringo. Wana hadi jina la hiyo kazi, mentori. Utafikiri ni maringo. Lakini kona kali ndiyo huvunjika kwanza vipande vikigongana, kisha mchuzi unakuwa uji. Na waru zetu nyingi ni Shangi, ambayo inaiva haraka na kupasuka haraka zaidi. Hakuna waru duniani inahitaji mentori kama Shangi. Jaribu mara moja, utaelewa. Vinyoleo usitupe, tia kwa supu ya kesho. Mottainai.

Pili, kaanga nyama kidogo kwa mafuta, ongeza vitunguu, waru na karoti, zungusha hadi zing'ae. Mimina maji, chemsha, toa povu na kijiko. Halafu sukari kwanza. Soya usiguse bado. Wajapani wana mpangilio watoto hufunzwa kama silabi: sa, shi, su, se, so. Sukari, chumvi, siki, soya, miso, kwa huo mstari. Sababu wanayotoa ni kwamba sukari huingia ndani ya chakula polepole, na chumvi ikitangulia inaizuia. Soya ina chumvi na harufu yake hupotea ikichemka sana, kwa hivyo inangoja. Sukari ikikaa dakika tano hivi, weka soya.

Tatu, kifuniko. Hapa ndipo nilipenda. Wana kifuniko kidogo kuliko sufuria, cha mbao, kinaitwa otoshibuta. Hakikai juu ya sufuria, kinakaa juu ya chakula chenyewe. Kinazuia vipande kurukaruka na kuvunjana, na ule mchuzi kidogo unapanda, unagonga mbao, unarudi chini, kwa hivyo hata waru ya juu inapata ladha bila wewe kukoroga. Huna cha mbao? Sahani ya bati iliyo ndogo kuliko sufuria, ama karatasi ya aluminiamu uliyotoboa mashimo. Moto mdogo, dakika kumi na tano, Shangi pengine chini ya hapo. Choma na uma uone.

Kula na wali. Na ugali inaenda pia, usiogope mtu. Wakimbiaji wetu wamekula vitu vya Kijapani miaka mingi kabla mimi na wewe tujue sushi ni nini. Douglas Wakiihuri alienda huko mwaka wa 1983, na 1987 akashinda marathoni ya ubingwa wa dunia Roma. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alienda kusoma sekondari Sendai akiwa kijana mdogo, na 2008 akaleta dhahabu ya marathoni kutoka Beijing, ya kwanza kwa Kenya kwa hizo mbio za Olimpiki.

Na viatu vyao vina stori ya chakula pia, hii ndiyo nimekuwa nikiiweka. Kihachiro Onitsuka alianzisha kampuni yake ya viatu Kobe mwaka wa 1949, ile tunaijua leo kama ASICS. Alikuwa anatafuta soli ya kiatu cha basketboli ambayo haitateleza. Akashindwa, akashindwa. Siku moja mapema miaka ya 1950 yuko mezani, mbele yake kuna saladi ya tango na pweza, akaona kipande cha mguu wa pweza na vile vikombe vya kunyonya. Akachora soli yenye vishimo kama hivyo. Wachezaji walipovaa zile za kwanza, soli ilishika sakafu vibaya hadi wakaanguka, akapunguza kina cha vishimo hadi ikakaa sawa. Watu wa Lamu na Mombasa wamekula pweza tangu zamani, sema tu hakuna aliyekuwa na shida ya basketboli. Leo hiyo kampuni ina kambi ya wakimbiaji Iten, juu kidogo ya Eldoret, na wameiita Chojo. Kwa Kijapani ni kilele.

Ukirudi kwa keja na doh imeisha, hata ile pakiti ya tambi ya bei ya chini, ambayo wengi tunaita Indomie hata kama si Indomie, baba yake ni Momofuku Ando, aliyeitoa Japan mwaka wa 1958. Indomie yenyewe ni ya Indonesia. Ile ladha inayokufanya ulambe kijiko Wajapani wanaita umami, na profesa Kikunae Ikeda aliitoa kwa mwani mwaka wa 1908. Ndiyo hiyo kwa kale kapakiti kadogo, imeandikwa glutamate.

Turudi kwa nikujaga, nimesahau kitu kimoja. Pika nyingi kuliko unayohitaji, kisha zima moto na uache ipoe. Ladha huendelea kuingia ndani ya waru hata wakati inapoa, ndio maana Wajapani wengi husubiri ile ya kesho. Funika vizuri, weka pahali pa baridi usiku, asubuhi ichemshe tena hadi itokote. Eldoret utahitaji friji. Hata Timboroa, baridi ya dirishani haitoshi.